Mwalimu Anajibu: Barua ya Uhamisho wa Kalokol

Swali: Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni muuguzi wa miaka 27, mzaliwa wa Nyeri. Nimepata uhamisho kwenda Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Tangu nipeleke habari nyumbani, watu wananipa pole kama niliyefiwa. Mama anasema huko ndiko mwisho wa dunia. Nimetazama ramani, naona ziwa refu na jangwa basi. Niambie ninakwenda mahali gani, na nijiandae vipi. — Muuguzi, Nyeri

Jibu: Mwanangu, pole sitakupa. Nilipokea barua kama hiyo mwaka 1978, nikafundisha jiografia upande huo wa ziwa kwa miaka 11. Mke wangu alilia tulipoondoka Kitale, na akalia tena siku tulipofunga mizigo kurudi.

Barabara itakupitisha Kapenguria, iteremke milima hadi Marich, kisha nchi ifunguke: mchanga, migunga, mbuzi, na joto linalokupokea mlangoni mwa gari. Lodwar utapumzika. Kutoka hapo hadi Kalokol ni kilomita 60 hivi. Ziwa lenyewe hutaliona mapema. Linajitokeza ghafla, rangi ya kijani iliyochanganyika na samawati, katikati ya nchi kavu kabisa.

Lina urefu wa karibu kilomita 250, na ncha yake ya kaskazini imeingia Ethiopia. Mto Omo ndio unaolilisha. Karibu asilimia 90 ya maji yake hutoka huko. Turkwel na Kerio huleta kidogo, tena kwa msimu. Ndiyo maana wavuvi wa Kalokol walifuatilia kwa wasiwasi ujenzi wa bwawa la umeme la Gibe III kwenye Mto Omo, Ethiopia, lililozinduliwa mwaka 2016 mamia ya kilomita kutoka kwao. Hakuna mto unaotoka ziwani. Maji huondoka kwa jua tu, zaidi ya mita 2 kila mwaka, na chumvichumvi zinabaki. Kikombe changu cha kwanza cha chai kilichopikwa kwa maji ya ziwa kilikuwa cheusi ajabu, kikiteleza ulimini kama magadi. Kunywa maji safi ya kisima, na hata hayo uliza kwanza. Maji mengi ya huko yana floridi nyingi, nawe kama muuguzi utaziona alama zake za kahawia kwenye meno ya watoto.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijachoka kulisimulia. Muhula wangu wa pili, kijana mmoja wa kidato cha kwanza alikuja na kopo la mafuta ya kupikia, akalimimina juu ya meza yangu. Yalikuwa makombe ya konokono wa majini, meupe, mepesi kama maganda ya mayai, mengine yakiwa na mchanga ndani. Nikamuuliza ameyaokota ufuoni sehemu gani. Akasema si ufuoni; ni kule anakochunga mbuzi wa baba yake, mwendo wa nusu siku kutoka ziwani. Sikumwamini. Jumamosi akanipeleka. Tulitembea tangu alfajiri, na saa tano tukawa tumesimama juu ya tuta la mchanga lililojaa makombe, huku ziwa likiwa mstari mwembamba kwa mbali.

Lile tuta lilikuwa ufuo. Kati ya miaka 10,000 na 5,000 hivi iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, ziwa lilisimama zaidi ya mita 80 juu ya lilipo leo. Likafurika upande wa kaskazini magharibi, maji yakafuata mabonde mpaka yakaungana na Nile. Ndiyo sababu utakuta humo sangara wa Nile na mamba wa Nile, wale wanaozaliana kwenye maziwa ya kreta ya Kisiwa cha Kati, ng'ambo ya Kalokol. Samaki hakuvuka jangwa kwa miguu. Maji yalimleta, kisha yakafunga njia.

Maji yaliporudi nyuma, watu waliokuwa wameanza kufuga walijenga makaburi. Pale Lothagam, kusini magharibi mwa ziwa, wanaakiolojia wamekadiria kuwa watu wasiopungua 580 walizikwa mahali pamoja, miaka kama 5,000 iliyopita. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo, mtoto na mtu mzima, hata shanga za mawe ya rangi. Na wewe njiani kutoka Lodwar, kabla ya kufika Kalokol, mwombe dereva asimame Namoratunga. Kuna nguzo 19 za mawe meusi zilizoegemea huku na huku. Waturkana husimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Utaona vijiwe vidogo vimewekwa juu ya vichwa vya nguzo. Weka chako.

Ya kale zaidi unayajua kwa shule: Nariokotome, ufuo wa magharibi wa ziwa, mwaka 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya mtafuta mifupa ya kale, aliona kipande cha fuvu kikaishia kuwa mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Lomekwi, ufuo huohuo wa magharibi, zimepatikana zana za mawe za miaka milioni 3.3. Mwambie mama yako hilo la mwisho wa dunia alitazame upya.

Kujiandaa: upepo wa kusini mashariki hauna mchezo, kwa hiyo chukua leso mbili za kufunga kichwa na uso. Kung'uta viatu kila asubuhi, kuna nge. Jifunze kusalimu, "Ejoka", kabla ya kujifunza kuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Na ukipanga nyumba, usikubali ya karibu sana na maji. Katikati ya miaka ya 1980 niliona Ghuba ya Ferguson ikikauka mpaka mitumbwi ikalala kwenye tope lililopasuka. Miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza nyumba za ufukweni. Wazee wanajua lilifika wapi. Waulize wao.

Swali: Kwa nini wazee wengine bado wanaliita Ziwa Turkana Rudolf? — Msomaji, Eldoret

Jibu: Kwa sababu ndilo jina walilosomeshwa. Machi 1888 wapelelezi wa Kizungu, Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, walifika ufuo wa kusini wakalipa ziwa jina la mwana mfalme wa Austria, ambaye hakuwahi kuliona na alifariki Januari iliyofuata. Kenya ilibadilisha jina mwaka 1975. Waturkana hawakungoja yeyote: kwao ni Anam Ka'alakol.

Swali: Babu yangu alisema Kenyatta alifungwa Lodwar. Kitabu cha mwanangu kinasema Lokitaung. Nani kakosea? — Mzazi, Naivasha

Jibu: Hakuna aliyekosea. Baada ya hukumu ya Kapenguria, Aprili 1953, Kenyatta na wenzake walipelekwa jela ya Lokitaung, kaskazini kabisa. Serikali ya kikoloni iliichagua kwa sababu eneo hilo lilikuwa limefungwa, huingii bila kibali. Kwa umri wake Kenyatta aliondolewa kazi ngumu akawapikia wenzake. Kifungo kilipoisha mwaka 1959 hakuachiwa. Alihamishiwa Lodwar akaishi chini ya amri ya kutotoka, hadi alipopelekwa Maralal mwaka 1961. Nyumba ya Lodwar bado ipo, na vyumba vya Lokitaung pia. Nenda na mwanao Lokitaung mchana, asimame ndani dakika tano mlango ukiwa umerudishwa.