Vyungu vya Ikombe na vikapu vya Iringa: majibu ya barua zenu

Toleo lililopita niliwaambia nimerudi kutoka milima ya kusini, nimepita Iringa, Njombe, Mbeya, Tukuyu nikateremka mpaka Matema kule Kyela, na nimebeba vyungu 6 vya Wakisi, wafinyanzi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na vikapu 8 vya milulu, vyote vya kwenu wasomaji, sharti moja tu uniandikie utakitumia kufanyia nini. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea na nyingi zina maswali, kwa hiyo ukurasa wa leo wote ni majibu, wale wa mambo ya ndoa mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Shikamoo dada. Nimeomba chungu ila naogopa, niliwahi kununua kimoja kikapasuka siku ya kwanza tu kwenye gesi. Nilikosea wapi? (Mama wa mapacha, Tabata)

Marahaba mdogo wangu. Ni moto ndo ulikukosesha. Chungu hiki kimefinyangwa kwa mkono kikachomwa nje kwenye moto wa wazi, kwa hiyo udongo wake una vitundu vidogo vidogo vinavyonyonya maji, na ni hivyo hivyo vinavyofanya maji ya mtungini yawe baridi. Sasa wewe umekiweka kikavu kwenye gesi iliyofunguliwa mpaka mwisho, kitako kimepata moto wa ghafla wakati mbavuni bado baridi, lazima kipasuke tu.

Ukikipata kipya kiloweke kwenye maji usiku kucha. Asubuhi kifute, weka uji mwepesi wa mahindi, bandika kwenye mkaa kidogo sana uchemke taratibu, halafu epua uache upoe humo humo ndani ndo umwage. Uji unaziba vile vitundu. Wengine wanapaka mafuta ya kula ndani na nje wanakipasha moto tena, mimi nafanya yote mawili na chungu changu cha maharage kina miaka mingi sasa. Baada ya hapo pikia mkaa au kuni, kama ni gesi huna jinsi basi weka bati juu ya jiko na moto uwe mdogo kabisa. Usimwagie maji ya baridi chungu kilichotoka motoni, usikitue kwenye sakafu yenye maji, kitue juu ya kata. Na tafadhali sabuni usiweke, kinainyonya, kesho maharage yana ladha ya sabuni! Majivu au mchanga laini unatosha.

Vyungu mbona vimejaa barabarani huku huku Dar, kulikuwa na haja gani ya kusafiri mpaka Kyela? (Kijana wa Mbezi)

Kaka, vingine unavyoviona hapo barabarani vimetoka huko huko, vimekuja na malori. Ila mimi nilitaka kumfikia aliyekifinyanga, nimlipe mkononi mwake.

Ikombe, vinakofinyangwa, ni kijiji kimebanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, mlima unashuka moja kwa moja mpaka majini, shamba la kulima ni shida, kwa hiyo udongo ndo shamba lao. Nilienda kwa mtumbwi kutoka Matema. Wanaofinyanga ni wanawake, hawana gurudumu wala mashine, mama anakaa chini na bonge la udongo analizungusha kwa mkono huku analipandisha kidogo kidogo, halafu anaparuza, anasugua na kijiwe mpaka king'ae, anapaka udongo mwekundu na kuchora mistari myeupe. Kikikauka kinachomwa kwa kuni na majani makavu. Mama niliyekaa naye nilimuuliza anajuaje kwamba huu udongo sasa umeiva kufinyangwa, akanishika mkono akanitia vidole kwenye udongo, basi, jibu lilikuwa hilo.

Jumamosi ndo siku ya soko la Lyulilo, pale jirani na Matema, unaona mitumbwi inakuja imepangwa vyungu mpaka unajiuliza inaeleaje, waendeshaji ni wanaume. Wachuuzi wanangoja ufukweni na wanabishana bei mpaka mwisho kwa sababu wanajua hakuna atakayepiga makasia kuvirudisha. Mimi bei niliyotajiwa nilitoa. Kuna msomaji ameniandikia kwamba nimeharibu soko kwa kutopunguziwa, namheshimu lakini hapana, chungu kimoja kina kuchimba, kubeba, kufinyanga, kukausha, kuchoma na kingine kinapasukia motoni, halafu mimi nililie kupunguziwa elfu moja?

Je, vyote 6 vilifika salama? (Msomaji, Dodoma)

Nilinunua 9. Vitatu ni vigae sasa hivi, nilivifunga kwa majani makavu ya migomba vizuri kabisa nikamwambia konda wa basi ndani kuna vyungu, njiani nikasikia mlio kwenye buti nikajua tayari. Iliniuma sana kwa sababu kimoja ndo kile nilichokiona kikifinyangwa. Kwa hiyo vyungu sitavituma kwa basi, mtakuja kuchukua wenyewe ofisini. Vikapu nitatuma.

Kapu la Iringa nililonunua mwaka jana limeota ukungu na linanuka, nifanyeje? Na je ni ukindu? (Bi mkubwa wa Tanga)

Shikamoo mama. Siyo ukindu, ni milulu, majani marefu yanayoota kwenye mabonde yenye maji kule nyanda za juu, kina mama wa Kihehe wanayakata, wanayakausha, wanasuka kwa vidole tu na kapu kubwa linaweza kuchukua siku nyingi maana wanasuka baada ya shamba na jiko. Huko kwetu Pwani hewa ina unyevu, ukiliweka nyuma ya mlango bila hewa lazima liote ukungu. Lipigie brashi kavu nje, lifute na kitambaa chenye maji ya ndimu, lianike kivulini penye upepo mpaka likauke kabisa. Jua kali kutwa nzima linalivunja. Samaki usibebee humo mama, harufu haitoki.

Kwa nini hujaleta kitu cha Kilimanjaro, mlima mkubwa kuliko yote? Ungetuletea hata kiti cha ngozi au mkufu wa miiba ya nungunungu. (Mpenzi wa milima, Arusha)

Kilimanjaro sikupita safari hii. Nikienda nitakwenda Mamba, karibu na Marangu, kwa wahunzi wa Kichaga wanaofua mikuki na visu, maana vingi vinavyouzwa kwenye geti la kupandia mlima havijatengenezwa hapo mlimani, picha za Tingatinga ni za Dar na vinyago vya Kimakonde vina asili yake kusini. Ni vizuri na vinunuliwe, ila muuzaji aseme vimetoka wapi. Ngozi ya mnyama pori na miiba ya nungunungu hapana kabisa, hizo ni nyara za serikali, sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali, na kukutwa nazo bila kibali ni kesi. Siwezi kumpa msomaji wangu zawadi ya kumpeleka mahakamani.

Niko Muscat, na mimi nahesabiwa? (Mjukuu wa Mbeya)

Unahesabiwa, andika la kapu. Mtafute ndugu anayekuja huko alijaze nguo ndani alitie kwenye sanduku, halitabonyea. Chungu usiniombe, kwa ndege sikiamini.

Dada, mimi nimezaliwa Kyela. Mama alikuwa na chungu cha Wakisi cha kupikia mbalaga, ndizi zetu za kupika, kilivunjika siku ya msiba wake, watu walikuwa wengi jikoni hakuna aliyejua nani kakidondosha. Tangu hapo napikia sufuria na haiwi ile. Sijui kama hiyo ni sababu ya kutosha. (Msomaji, Kigamboni)

Pole sana dada yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu na chungu chako nimeshakitenga, ni kile cha mdomo mpana chenye mistari miwili shingoni. Njoo Alhamisi asubuhi na kanga mbili, moja ya kukifungia na moja ya kukikalishia mapajani kwenye kivuko.