Hoteli Imenichukulia Mume, Nifanye Nini?

SWALI

Assalamu alaykum, mama yangu. Nakuandikia kutoka Malindi, mtaa wa Shella, nikitumaini kwamba utanijibu bila kunionea haya, kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili katika watu wetu huniambia kwamba nakufuru neema.

Niliolewa mwaka 2016 na kijana ambaye wakati ule alikuwa mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja ya ufuoni. Maisha yetu yalikuwa madogo lakini tuliyaishi pamoja: akitoka zamu ya asubuhi tulikula sinia moja, na jioni tulikwenda ufuoni kupunga upepo. Machi 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, hoteli ilifungwa na wafanyakazi wakarudishwa makwao bila mshahara. Tuliishi kwa kuuza vitu, kwanza pikipiki yake, kisha kidani changu cha dhahabu nilichopewa na mama yangu siku ya harusi. Siku kidani kilipokwenda kwa sonara, aliyelia alikuwa yeye.

Hoteli ilipofunguliwa tena alikuwa miongoni mwa walioitwa mwanzo, na tangu hapo amepanda hadi kuwa naibu meneja. Hutoka baada ya sala ya alfajiri na hurudi watoto wamekwisha kulala. Hata akiwa nyumbani macho yake yako kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Siku yake ya ofu akiitwa huenda, na wakati mwingine huenda bila kuitwa. Alipozaliwa mtoto wetu wa pili alirudi kazini kabla ya siku ya saba ya kumpa jina. Mama yangu alipofariki alikuja maziko, akaondoka kabla ya hitima kwa sababu lilikuwa likifika kundi la wageni kutoka Italia. Mwaka huu nikangoja masika, nikijua wageni huwa hawapo, ili twende Lamu kwa dada yake kama tulivyoahidi. Akabaki kusimamia mafundi wa rangi.

Simtuhumu kuwa na mwanamke mwingine. Analisha, analipa ada, na anajenga nyumba eneo la Barani. Mimi nilikuwa mwalimu wa chekechea, nikaacha kwa ombi lake alipopandishwa cheo, ili mmoja wetu awepo nyumbani. Nikisema neno hujibu kwamba kazi haimruhusu, na kwamba nyumba ikimalizika atapumzika. Khalati yangu asema mume anayelisha hashitakiwi. Rafiki yangu anishauri niende kwa meneja mkuu nikamweleze. Nafsi yangu yanituma nichukue watoto nirudi kwa baba yangu, au niende kwa kadhi. Je, nina haki ya kulalamika? Na kama ninayo, nianzie wapi?

Msomaji, Malindi

JIBU

Waalaykumu salamu, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako.

Haki unayo, na ninalitanguliza hili kwa sababu naona umekwisha kuanza kuamini kwamba huna. Khalati yako amesema kwa mapenzi, lakini hakusema sawa. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 19, wanaume wanaamrishwa kukaa na wake zao kwa wema, na kulisha ni sehemu tu ya wema huo. Tena kuna hadithi katika Sahihi ya Bukhari ambayo ningependa uisome pamoja na mumeo: Salman, mmoja wa masahaba, alimtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiachilia, hana hamu ya kujipamba, kwa kuwa mume alikuwa ameshughulishwa na saumu za mchana na sala za usiku. Salman akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Na habari ilipomfikia Mtume, swala na salamu zimshukie, akasema kwamba Salman amesema kweli. Kilichomshughulisha Abu Dardaa kilikuwa ibada. Ikiwa ibada haikukubaliwa kuwa udhuru wa kumsahau mke, kazi ya hoteli haiwezi kukubaliwa.

Sasa tuje kwenye neno lake kwamba kazi haimruhusu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka kwa mshahara kamili, na inampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo anapozaliwa mtoto wake. Naibu meneja aliyeajiriwa kwa mkataba naye ni mfanyakazi. Kwa hiyo, aliporudi kazini kabla ya mtoto kupewa jina, aliiacha haki ambayo sheria ilikuwa imekwisha kumwekea mkononi. Sikuelezi haya ili mkamshitaki mwajiri. Nakueleza ili ujue kwamba mazungumzo yenu yote ya miaka hii yamekuwa yakifanyika mahali pasipo penyewe: wewe unalalamikia kazi, yeye anaitetea kazi, na jambo lenyewe halijaguswa.

Katika barua yako kilichonisimamisha ni wale mafundi wa rangi. Kila mtu wa Malindi na Watamu anajua kwamba mvua za Aprili na Mei zinapoingia, hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi, na nyingine hufunga milango kabisa mpaka wageni warudi. Kama wageni ndio wanaomzuia mumeo, masika yangemwachilia. Wageni hawakuwepo, naye hakuja. Ndiyo maana nasema kwamba anayemshikilia si mgeni wala si meneja mkuu: anashikiliwa na hofu, na hofu hiyo ina sababu.

Kumbuka pwani yetu imepitia nini. Mwaka 2014 serikali za Ulaya zilipowaonya raia wao wasije sehemu za pwani ya Kenya, hoteli zilifungwa na watu wengi wakarudishwa nyumbani. Kabla majeraha hayo hayajapona vizuri ikaja korona, na Aprili 2020 Kaunti ya Kilifi nzima ikafungwa, hatoki mtu wala haingii. Mwanamume aliyepitia haya mara mbili hujifunza kwamba mshahara unaweza kukatika kwa uamuzi uliofanywa katika nchi asiyopata kuiona. Juu ya hayo, wako wewe na kidani chako. Dhahabu ya mwanamke kwetu ni akiba yake na mali yake mwenyewe, ambayo mume hana haki nayo, na kijana aliyelelewa vizuri anapoiona ikienda kwa sonara ili wapatikane unga na mafuta, anabaki na deni ambalo hakuna aliyemdai. Mimi namsoma mumeo hivi: tangu hoteli ilipofunguliwa anakilipa kile kidani, na hajawahi kukuuliza kama unataka kulipwa.

Msiba ni kwamba anakilipa kwa njia isiyoweza kumlinda. Ndege zilipokoma, waliorudishwa nyumbani walikuwa hodari na wavivu pamoja, kwa kuwa hapakuwa na mgeni wa kuhudumiwa. Kukesha hotelini hakuzuii ndege kusimama. Kinachoilinda nyumba siku kama ile ni akiba, na mtu wa pili mwenye kipato chake, naye mtu huyo alikuwepo kabla hajaombwa aache kufundisha.

Kwa hiyo anzia kwenye kidani. Usimwendee usiku anapoingia amechoka, na usianze na maneno kwamba hana wakati nanyi, maana hayo amekwisha kuyasikia mpaka hayasikii tena. Tafuta asubuhi ya siku yake ya ofu, kabla simu haijaanza kulia, umwambie kwamba kidani ulikitoa kwa ridhaa yako, kwamba hukidai, na kwamba unalomdai ni yeye mwenyewe. Kisha umwulize kwa upole ni kiasi gani cha fedha kikiwekwa kando kitamtuliza moyo: chakula cha miezi mingapi, ada ya mihula mingapi. Ataje kiasi, nanyi mkiandike. Hofu isiyotajwa kiasi haina mwisho, na nyumba ya Barani imekuwa ikimficha hapo. Kusema kwamba atapumzika nyumba ikimalizika si kutaja tarehe. Wewe na mimi tunajua jinsi nyumba zetu zinavyojengwa. Baada ya paa kuna lipu, baada ya lipu kuna sakafu, kisha ua na kisima, na mtoto aliyezaliwa wakati wa msingi anaingia sekondari. Kubalianeni ni vyumba vingapi vinatosha kuhamia, na mwezi gani.

Katika kikao hicho hicho mwombe muuzungumze ualimu wako. Sidhani alikuomba uache kwa nia mbaya. Lakini alipofanya hivyo aliuweka mzigo wote wa nyumba juu ya ajira moja, tena ajira inayotegemea wageni kutoka ng'ambo, na hapo hofu yake ikazidi. Kazi ya chekechea kwa kawaida ni ya asubuhi, na ikiwa atapatikana wa kukaa na mtoto mdogo, mshahara wako hata ukiwa mdogo utakuwa haufuati msimu wa wageni.

Ndipo mje kwenye siku. Hoteli huelemewa mwisho wa wiki, kwa hiyo usidai Jumamosi wala Jumapili. Chagueni siku ya katikati ambayo kweli anaweza kuipata, na simu ya kazi siku hiyo ishikwe na msaidizi wake. Akisema hakuna anayeweza kumshikia, mwambie kwamba msimamizi ambaye idara yake haiwezi kukaa siku moja bila yeye bado hajamfundisha mtu kazi. Neno hilo linahusu ustadi wake, na naamini atalisikia haraka kuliko malalamiko. Likizo ya masika yajayo aiombe kwa maandishi mapema, kabla kaskazi haijaleta wageni wa Desemba, kwa sababu likizo isiyoombwa mapema humezwa na kazi ndogo ndogo kama hizo za rangi.

Kwa meneja mkuu usiende kabisa. Utamvunjia mumeo heshima mahali pekee anapojiona ameshinda, na hatakusamehe kwa urahisi. Kwa baba yako nako usiende bado.

Nawe mume wake, ikiwa ukurasa huu utakufikia, nina neno moja kwako. Mke wako amekutajia mengi, lakini lile la hitima ya mama yake ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mama yule ndiye aliyetoa kile kidani kilichokulisheni. Uliondoka watu wakiwa bado hawajaketi kusoma. Mwite imamu wa mtaa wako, waalike jamaa, isomwe hitima nyumbani kwako siku ambayo wewe mwenyewe umeichagua, nawe uwepo tangu watu wanapoanza kusoma mpaka wa mwisho anapoaga. Usimtume mtu apeleke fedha za chakula kwa niaba yako.

Mwanangu, ikiwa utayasema haya kwa utulivu na masika mengine yakapita hali ikiwa ile ile, basi usiendelee kuvumilia kimya kimya. Aya ya 35 ya Surat An-Nisaa inaelekeza aletwe mwamuzi kutoka kwa watu wa mume na mwamuzi kutoka kwa watu wa mke, wakitaka suluhu. Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeipa mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu katika ibara ya 170, ipo hapo hapo Malindi, na utakapofika huko itakusaidia kuweza kueleza kwamba suluhu mliitafuta kwanza. Katika kuwachagua waamuzi, khalati yako mwache. Upande wako awe baba yako au ami yako mwenye subira. Na upande wake mtafute mzee aliyewahi kufanya kazi ya hoteli, aliyerudishwa nyumbani naye miaka ile, ambaye mumeo hataweza kumwambia kwamba haijui kazi hiyo.