Nina miaka 19, niache chuo nikomae na biashara?

SWALI: Habari dada, mi nipo mwaka wa kwanza chuo, nauza makava ya simu kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram na yanatoka kweli sio masihara. Sasa kila nikishika simu naona vijana wa rika langu wamejiajiri na wanapeta tu, halafu wanasema hata Zuckerberg na Bill Gates waliacha chuo. Nahisi nachelewa. Niache nikomae au?

JIBU: Mdogo wangu hongera kwanza, kumuuzia mtu asiye ndugu yako sio kazi ndogo, wengi wanaishia kufungua akaunti na kuweka logo basi. Ila hizo stori za kina Zuckerberg wanaokuhadithia wanaruka katikati. Zuckerberg alianzisha Facebook Februari 2004 ana miaka 19 kama wewe, yupo Harvard bado, na alikuja kuondoka wakati mtandao umeshasambaa vyuo kibao. Michael Dell, yule wa kompyuta za Dell, hivyohivyo, 1984, miaka 19, anauza kompyuta kutokea chumbani kwake chuoni, anaondoka oda zimeshamzidi. Yaani biashara ndo iliwatoa chuo, hawakutoka chuo ndo waanze kuitafuta. Wewe yako imeshafika hapo?

Na hiyo ya kuchelewa nani kakwambia? Kuna utafiti wa kina Pierre Azoulay ulitoka 2018, walipekua kumbukumbu za kampuni za Marekani wakakuta zile chache zinazokua kwa kasi kuliko zote, waanzilishi wake wastani walikuwa na miaka 45 siku wanaanza. 45! Sam Walton, mwanzilishi wa maduka makubwa ya Walmart kule Marekani, alifungua Walmart ya kwanza 1962 ana miaka 44, ila alikuwa na duka toka 1945, kwa hiyo miaka 17 yote alikuwa anajifunza kununua, kupanga bei, kuajiri, kupata hasara. Hapo ndo naona faida ya kuanza mapema, unakosea wakati hujawa na kodi ya nyumba wala watoto wa kulisha, na simu yenyewe ndo duka.

Sasa tuje kwenye makava. Unasema yanatoka, sawa, lakini kutoka sio faida. Tuseme kava moja unanunua 100 unauza 150, makava kumi kichwani mwako ni faida ya 500 si ndio? Weka usafiri na kifungashio 25 kila moja, hiyo 250 imeondoka. Moja limerudi limepasuka na mteja umemrudishia hela yake, 150 nyingine. Umebaki na 100 kwenye makava kumi, na hapo bando hujalihesabu, wala zile saa unazokesha unajibu "bei gani" za watu ambao hawanunui. Andika hivyo kila wiki kwa muhula mzima, hela ya biashara usiichanganye na ya matumizi, na wewe mwenyewe jilipe hata kidogo. Muhula ukiisha, hesabu ikionyesha inakulisha kweli na oda zinakushinda kwa sababu ya vipindi, usiache, nenda ofisi ya chuo uulize kuhusu kuahirisha mwaka, vyuo vingi vinaruhusu. Hata Bill Gates alianza kwa likizo ya ruhusa, mlango aliuacha wazi, ila hiyo sehemu haipendezi kwenye video za kuhamasisha.

SWALI: Dada yangu, kijana wangu ana miaka 15 anaediti video za watu kwa simu, sasa kuna mteja anataka wasaini mkataba wa miezi sita. Mi naogopa.

JIBU: Mama usiogope, ila asisaini yeye. Nchi nyingi mtu akiwa chini ya miaka 18 mkataba wake una walakini kisheria, na huduma nyingi za malipo mtandaoni nazo zinataka 18, kwa hiyo saini wewe na hela ipite kwako, yeye aione yote. Kabla ya hapo angalia analipwa lini, video ni ngapi kwa wiki wakati wa mitihani (wateja hawaijui mitihani kabisa), na marekebisho yawe mara mbili tu, ikizidi hapo analipia, la sivyo ataediti video moja mwezi mzima. Omba pia nusu ya hela ya mwezi itangulie. Mteja akigoma kote huko, mwambie kijana atafute mwingine.