Maswali Yenu: Nimekuja Kusoma Biblia, Mbona Wananipa Sarufi?

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri. Nawasoma siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza. Nimepata nafasi chuo kikuu kusoma digrii ya ufasiri (kueleza maana ya maandiko) na tafsiri ya Biblia, nilifurahi sana maana nimefundisha darasa la Biblia kanisani miaka sita. Sasa juzi wametutumia ratiba ya mwaka wa kwanza nikaishiwa nguvu: Kigiriki, Kiebrania, isimu (sayansi ya lugha), fonolojia (mambo ya sauti za lugha), halafu Kigiriki tena! Simu yangu ina programu, nikigusa mstari inanipa kila neno la Kigiriki na maana zake zote. Kweli nikae miaka nakariri vitu ambavyo simu inavyo? Na baba ananiuliza ukimaliza unakuwa mchungaji au unakuwa nani, sina jibu.

JIBU: Hongera mdogo wangu, na pole pia, hiyo ratiba imeshawatisha wengi kabla yako.

Hebu chukua simu hiyohiyo ufungue Yohana 3:8. Mstari unaanza "Upepo huvuma upendako" na unaishia "aliyezaliwa kwa Roho". Gusa "upepo", itakwambia pneuma. Gusa "Roho", itakwambia pneuma. Neno ni lilelile. Anayesoma Kigiriki anaona mchezo wa maneno, sisi kwa Kiswahili tunaona vitu viwili tofauti, upepo huku na Roho kule, na mchezo umepotelea njiani. Simu yako itakuletea orodha, upepo, pumzi, roho, halafu inakuachia hapohapo mlangoni. Uweke lipi wapi, na ule mchezo uuokoe kwa tanbihi, yale maelezo ya chini ya ukurasa, au uache upotee, hilo sasa ni la kwako.

Na haijaisha, maana hapo umepambana na Kigiriki tu, Kiswahili chenyewe bado hakijakugeuka. Neno roho kwa kawaida tunasema roho yangu inauma, si roho yangu anauma. Lakini kwenye Biblia ni Roho Mtakatifu, si Roho Takatifu, na ni "atakuja", si "itakuja". Kigiriki hakikusaidii hapo kwa sababu pneuma kisarufi si ya kiume wala ya kike, na Kiebrania ruakh mara nyingi ni ya kike. Kwa hiyo kuna watu walikaa mezani wakaamua kwamba kwa Kiswahili huyu atachukua upatanisho wa kisarufi wa mtu, ule wa a- na m-. Vivyo hivyo Yohana 1:1, Biblia ya Kiswahili toleo la Union la 1952 linasema "naye Neno alikuwako kwa Mungu". Jaribu kuongea hivyo nyumbani, "neno lako alinikera", watakucheka! Ni neno lilinikera. Lakini mtafsiri angeandika "lilikuwako" ungemwona Kristo pale, au ungeona tamko tu limekaa? Kiambishi kimoja, a-, kimebeba mafundisho ambayo watu waliyabishania karne nyingi, na sisi tunapita juu yake kila Krismasi bila hata kugundua. Ndo maana wanakupa isimu. Mi naona ndo somo muhimu kuliko yote kwenye hiyo ratiba, na najua walimu wa Kigiriki watanijia juu.

Upande wa ufasiri nao una mambo yake. 2 Wakorintho 5:14, "upendo wa Kristo watubidisha". Upendo alionao Kristo kwetu, au upendo tulionao sisi kwa Kristo? Kigiriki kinaruhusu yote mawili, na bahati nzuri Kiswahili nacho kinaruhusu, hii "wa" yetu inameza vyote. Ila kuna lugha hazina huo uficho, lazima useme nani anampenda nani, na hapo huwezi kukwepa, itabidi usome hoja nzima ya Paulo juu na chini ndo uamue. Darasani kwako kanisani ulikuwa unaweza kusema "wengine wanaona hivi wengine vile" ukaendelea na kipindi. Mtafsiri hana hiyo nafasi, anaandika moja.

Kiebrania kitakutoa jasho zaidi, nisikufiche. Kinasomwa kulia kwenda kushoto, kiliandikwa konsonanti tupu, na zile alama za vokali waliziongeza wanazuoni wa Kiyahudi karne nyingi baadaye. Halafu ukifika Danieli 2:4, katikati ya mstari, unakuta lugha imebadilika ghafla kuwa Kiaramu mpaka mwisho wa sura ya 7. Usikate tamaa semista ya kwanza, kila mtu hulia semista ya kwanza.

Kwa baba, mwambie kweli: digrii hii peke yake haikufanyi mchungaji, uchungaji kanisa lako lina utaratibu wake. Wanaomaliza wanaingia kwenye timu za tafsiri, wengine wanafundisha, wengine wanaenda kwenye uchapaji na uhariri. Kama unalenga kuwa mshauri wa tafsiri, yule anayekagua kazi za timu mbalimbali, jiandae kwenda masta na pengine zaidi. Na hiyo kazi ni ya ajabu kidogo, mara nyingi unakagua lugha usiyoijua kabisa, kwa hiyo mtu ambaye hakushiriki kutafsiri anakurudishia rasimu neno kwa neno kwa lugha unayoielewa, na wewe unakaa unauliza, hapa mmesema "alimkasirikia" au "alimwonya"? Nafasi zenyewe si nyingi, hilo nalo mwambie.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa lugha, lugha yetu ya mama ina Agano Jipya tu na sasa wanatafuta watu wa kuanza la Kale. Mzee mmoja wa kanisa anasema hakuna haja ya kusoma chuo, tuichukue ya Kiswahili tuigeuze kwa lugha yetu, mwaka mmoja tumemaliza. Je yuko sahihi?

JIBU: Marahaba binti. Kuwa na ya Kiswahili pembeni ni sawa kabisa, timu nyingi zinafanya hivyo. Ila kuifanya ndo chanzo, unarithi kila uamuzi wa wale wa kwanza bila kujua kama ulikuwa uamuzi. Na mwaka mmoja, mmh. Martin Luther, aliyetafsiri Biblia kwa Kijerumani, alimaliza rasimu ya Agano Jipya kwa wiki kama 11 akiwa amejificha kwenye ngome ya Wartburg, likachapwa 1522, lakini Biblia nzima ilitoka 1534, na huyo ni Luther na alikuwa na wenzake wa kumsaidia.

Ila nataka nikupe kisa kimoja umpelekee huyo mzee, maana kina pande mbili. Wakristo wa Kilatini zamani walikuwa wanasoma Agano la Kale lililotafsiriwa kutoka Kigiriki, yaani tafsiri ya tafsiri, kama anavyotaka yeye. Jerome, mwanazuoni aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, akasema hapana, narudi kwenye Kiebrania. Akafika Yona 4, ule mmea uliomfunika Yona kivuli, kwenye Union yetu ni "mtango". Waumini walikuwa wamezoea kusikia mmea wa jamii ya maboga, Jerome akaweka mmea mwingine wa kutambaa. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, akamwandikia barua kumweleza yaliyotokea mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli: askofu alisoma tafsiri mpya, kanisa likachafuka, fujo, na askofu karibu abaki bila waumini. Kwa ajili ya mmea!

Kwa hiyo Jerome alikuwa sawa kurudi kwenye chanzo, na alipata shida kwa sababu masikio ya watu hayakuandaliwa. Nenda kasome, binti, ila hata huko chuo usiache kumsikiliza huyo mzee, maana yeye ndo atasimama siku ya kwanza mnasoma hadharani aseme "hii siyo".

SWALI: Mhariri, hivi AI (akili mnemba) si itamaliza hii kazi yote? Kuna haja gani ya digrii?

JIBU: Swali fupi, nami nitajitahidi. Mashine inatoa rasimu ya kwanza haraka, hilo sitabisha, timu zingine zinaitumia. Lakini inajifunza kwa maandishi, na kwa lugha nyingi ndogo maandishi marefu yaliyopo ni Agano Jipya lenyewe. Mwaka 2023 Meta, kampuni ya Facebook, walipotengeneza mfumo wao wa sauti kwa lugha zaidi ya 1,100, walitegemea rekodi za watu wakisoma Agano Jipya, yaani mashine imesomeshwa na watafsiri.

Na kuna vitu vya hivi. Yeremia 17:10 kwenye Union Mungu anasema "navijaribu viuno". Kiebrania chake ni figo, maana wao hisia za ndani kabisa waliziweka kwenye figo. Mashine inaweza kukurekebishia vizuri tu ikakuandikia figo, na itakuwa sahihi kwa kamusi. Kisha unamsomea bibi mmoja rasimu, unamwomba akueleze kwa maneno yake amesikia nini, anafikiri kidogo, anasema: Mungu anapima watu figo, kama hospitali.

Unafuta, unaanza upya huo mstari.