Mzio, siliaki, au tumbo tu limekataa? Usiache ngano kabla hujapima

Dada mleta mada, pole sana wewe na mtoto. Kwa wanaoingia sasa: dada anasema akila chapati au mkate tumbo linamjaa gesi, linanguruma, na siku nyingine anaharisha. Uchovu haumwishi, na alipopimwa aliambiwa damu iko chini. Mwanawe mdogo alikula kamba, midomo ikavimba, akapewa piriton, hali ikatulia. Jirani anamshauri aache ngano mwezi mzima aone, halafu waende wote wawili kwenye kile kipimo cha damu kinachotoa orodha ndefu ya vyakula vya kuepuka. Mama mkwe naye anasema yote hayo ni aleji ya ukoo.

Nakujibu kwa kirefu kwa sababu nyumbani kwangu tunayo yote matatu. Binti yetu ana mzio wa kamba, baba watoto ana siliaki (ugonjwa ambao ngano inaifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo wake mwenyewe), na mimi maziwa yasiyoganda yananikataa tangu ukubwani. Sinia ni moja, lakini kila mmoja chakula kinamdhuru kwa njia yake, na tahadhari ya mmoja haimfai mwingine.

Naanza na mtoto, maana lake ndilo linaloweza kuua.

Mzio ni kinga ya mwili kuichukulia protini ya chakula kuwa ni adui. Mwili unatengeneza kingamwili iitwayo IgE, nayo inajishikiza kwenye seli za ngozi, njia ya hewa na utumbo ikisubiri. Siku protini ile ikiingia tena, seli zile zinamwaga kemikali iitwayo histamini kwa mpigo, ndipo unapoona uvimbe, vipele, kikohozi, kutapika. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa alishakula kamba zamani na asipate lolote. Kitu cha kuangalia ni saa: mara nyingi dalili zinaanza ndani ya dakika chache, na kwa kawaida hazivuki saa mbili. Kiasi nacho hakimkingi mtu. Kipande kidogo kinatosha, na wengine hata mvuke wa kamba wanaochemka jikoni unawasumbua.

Binti yangu ilimkuta sikukuu, pilau ya kamba. Alianza kujikuna viganja. Kisha akalalamika ulimi unawasha, akatoka mabaka yaliyoinuka tumboni, halafu sauti ikabadilika, ikawa nzito na ya kukwaruza. Sauti ile ndiyo iliyotufanya tusisubiri chochote. Hospitali walimchoma adrenalini pajani, upande wa nje, na kabla sijamaliza kuandikisha jina lake alikuwa anavuta pumzi bila kuhangaika. Walimbakisha kwa uangalizi kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata kama hajala kitu kingine.

Sasa dada, piriton uliyompa mwanao inapunguza muwasho na vipele. Haifungui koo linalofunga wala haiinui presha inayoshuka. Dawa ya hapo ni adrenalini peke yake, na inatakiwa mapema. Midomo ikivimba halafu akaanza kukohoa, kukoroma kifuani, kutapika mfululizo au kulegea, hiyo ni safari ya hospitali papo hapo. Mlaze, miguu iwe juu kidogo. Kama kupumua kunamshinda mkalishe, ila usimsimamishe wala kumtembeza. Mtoto mwenye pumu yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa hiyo kama anayo mwambie daktari. Muulize pia kuhusu adrenalini ya kuweka nyumbani na kipimo chake kwa uzito wa mtoto, na akufundishe kuchoma kabla hujaihitaji.

Mpaka apimwe, mzuie kamba, kaa na kambakochi kwa pamoja, kwa sababu protini inayowasumbua wengi, tropomiosini, iko kwa wote hao na moto hauiharibu. Pweza na ngisi waulizie, maana baadhi ya watu wanawasumbua pia. Samaki ana protini nyingine kabisa, usimnyime changu na tasi bure. Kipimo ni kile cha kuchoma kidogo ngozi ya mkono na kusubiri kama dakika 15 au 20, au damu ya kupima IgE ya chakula kinachoshukiwa. Na tafadhali, mtu asikwambie umwonjeshe tena kidogo nyumbani. Jaribio la namna hiyo lipo, lakini linafanyika hospitali, dawa ikiwa mkononi.

Hapa kuna jambo linalotuchanganya sana watu wa pwani. Jodari au kibua aliyekaa juani bila barafu anazalisha histamini ndani ya nyama yake mwenyewe, kwa kazi ya bakteria. Ukimla, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, tumbo linaharisha, na unaapa kwamba una aleji ya samaki. Hiyo ni sumu, si mzio. Kumkaanga hakuiondoi histamini, wala kumgandisha baada ya kuwa ameshaharibika. Uliza wenzako waliokula samaki yuleyule: wakiwa wengi wamepatwa, tatizo lilikuwa kwenye samaki.

Nije kwako sasa.

Chakula kukukataa kwa kawaida ni habari ya mmeng'enyo, kinga ya mwili haihusiki. Mfano ulio wazi ni maziwa. Sukari ya maziwa, laktosi, inavunjwa na kimeng'enya cha laktasi kilichopo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Watu wazima wengi duniani kimeng'enya hicho kinawapungua baada ya utotoni. Sukari inapita bila kuvunjwa, inafika utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, inakuja gesi, kuvimbiwa na kuharisha. Jamii za wafugaji ni tofauti: mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan, ikaonyesha kuwa wafugaji wa huku wana mabadiliko yao ya jeni yanayowaachia laktasi hadi ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Mimi si wa ukoo huo. Glasi nzima ya maziwa inanilaza na tumbo, lakini chai ya maziwa naimudu na mtindi nakula vizuri tu, kwa sababu bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya ile sukari. Hapo ndipo penye tofauti: kwa mtu wa namna yangu kiasi ni kila kitu. Naumwa, nakosa raha, lakini siharibiki utumbo wala sifi.

Mtoto mwenye mzio wa maziwa ni kitu kingine. Huyo mtindi nao unamdhuru, na maziwa ya mbuzi hayamsaidii kwa sababu protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Nimeona akina mama wengi wakihamia kwa mbuzi wakidhani wamepona.

Na ngano inaweza kumkataa mtu bila gluteni, yaani protini yake, kuwa na hatia. Ndani ya ngano kuna wanga uitwao fruktani, uleule uliopo kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu. Mwanadamu hana kimeng'enya cha kuuvunja, na wenye utumbo mwepesi unawatesa. Mwaka 2018 watafiti wa Oslo waliwapa watu 59, ambao hawakuwa na siliaki ila walijiona wanadhurika na gluteni, vipande vya kula bila kujua ni kipi: kimoja na gluteni, kimoja na fruktani, kimoja kitupu. Kilichowasumbua zaidi kilikuwa cha fruktani. Kwa hiyo jichunguze: kachumbari yenye vitunguu vingi inakufanyaje? Maharage je? Kama nayo yanakujaza gesi vilevile, dalili za tumbo zinaelekea huko.

Ila hiyo damu iliyo chini ndiyo inayonifanya nisikwambie "ni gesi tu".

Siliaki haifanyi kazi kama mzio, wala si mmeng'enyo ulioshindwa. Gluteni ya ngano, shayiri au nafaka iitwayo rai inaifanya kinga ya mwili igeuke na kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Utumbo mwembamba una vijidole vidogo sana vya kufyonza chakula, kama manyoya ya taulo. Kwa mwenye siliaki vinalika mpaka panakuwa tambarare. Madini chuma yanapita bila kufyonzwa, damu inashuka, na wengine hata tumbo haliwasumbui. Kuna wanaojulikana kwa vidonda vya mdomo vinavyorudi, mifupa kuwa dhaifu, mtoto kutokua, mimba kutoshika, au malengelenge yanayowasha kwenye viwiko na magoti. Na dalili si lazima zije kwa dakika wala saa kama za mzio. Unakula leo, unazoea kuumwa.

Baba watoto alipita humo humo. Alipewa dawa za minyoo, za vidonda vya tumbo, na vidonge vya kuongeza damu kwa awamu. Damu ilipanda kidogo, akimaliza vidonge inashuka. Maziwa nayo yakaanza kumkataa, tukadhani ni kama mimi. Aliyetufungua macho ni daktari mmoja wa Muscat, wakati tukiishi huko, aliyeuliza swali rahisi: kwa nini mwanamume mzima asiyetoka damu popote awe na upungufu wa madini chuma usioisha? Laktasi inakaa kwenye ncha za vile vijidole, kwa hiyo vikilika, maziwa nayo yanakataa. Utumbo ulipopona baada ya kuacha gluteni, alirudi kunywa maziwa yake na mimi nikabaki na tatizo langu.

Kwako, mwanamke unayepata hedhi, katika nchi zenye minyoo na malaria, damu kushuka kuna sababu nyingine nyingi zilizo za kawaida zaidi. Hizo zichunguzwe. Lakini omba na siliaki ipimwe: damu ya tTG-IgA, yaani kingamwili za siliaki za aina ya IgA, pamoja na IgA ya jumla. Hiyo ya pili usiiache, kwa sababu mtu mwenye IgA chache mwilini kipimo cha kwanza kitamtoa salama kumbe si salama. Kikionyesha tatizo, kwa mtu mzima kwa kawaida wanaingiza kamera tumboni na kuchukua vinyama vidogo vya mwanzo wa utumbo mwembamba.

Na hapa ndipo ushauri wa jirani unaponitia hofu. Vipimo hivyo vyote vinasoma majibu ya mwili kwa gluteni. Ukiiacha ngano mwezi mzima, kingamwili zinaanza kushuka, utumbo unaanza kupona, na majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Kisha daktari atakutaka urudie kula, kwa kawaida mkate wa vipande kama viwili kwa siku kwa wiki kadhaa, na kwa mwili ulioonja nafuu hayo ni mateso. Endelea kula chapati zako mpaka damu itolewe. Utaumwa tumbo, najua, lakini unataka jibu la kweli kwa sababu siliaki ni ya maisha na kuacha gluteni ni kwa maisha.

Kile kipimo cha orodha ndefu mara nyingi kinapima IgG. Kingamwili hiyo inaonyesha tu kwamba chakula fulani umekizoea. Jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa mzio, EAACI, ilishasema mwaka 2008 kwamba hakifai kutambua mzio wala chakula kinachokukataa. Nimeona mama akirudi na karatasi inayomkataza mtoto mayai, maziwa, ndizi na mchele, mtoto ambaye alikuwa anavila kila siku bila shida. Mtoto alikonda. Pesa hiyo ipeleke kwenye tTG.

Ikitokea ni siliaki, usilie sana, maana jiko letu linakubeba. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi, magimbi, mtama, ulezi, vyote havina gluteni kwa asili yake. Taabu iko kwenye mchanganyiko. Mashine inayosaga ngano na mahindi kwa zamu inakuchafulia unga, na kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni miligramu 20 tu kwa kilo. Sisi tunanunua mahindi, tunayachambua na kuyasagisha kwa mtu asiyeigusa ngano kabisa. Bhajia za dengu ni halali kwake, lakini si zikikaangwa kwenye mafuta yaliyotoka sambusa. Vitumbua vya nyumbani sawa, vya barabarani uliza kwanza kama wametia unga wa ngano. Unga wa lishe soma pakiti. Bokoboko, tambi na bia ya shayiri ameshaviaga. Mwezi wa Ramadhani nampikia mkate wa kumimina wa mchele, kwa chombo chake mwenyewe, kabla sijafungua pakiti ya ngano ya kaimati za wengine.

Kuhusu mama mkwe na ukoo: siliaki inafuata damu kweli, takriban mmoja kati ya kumi wa mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wa mgonjwa anakuwa nayo. Midomo ya mwanao na tumbo lako havina sababu ya kuunganishwa, mtoto atafutiwe jibu lake la kamba peke yake na wiki hii. Ila tTG yako ikitoka na siliaki ikathibitishwa, naye apimwe hiyo pia, na mpaka siku hiyo aendelee kula mkate wake kama kawaida.