Unahamia nchi ya euro? Tazama nchi kabla ya sarafu

Kijana mmoja wa Mwanza ameniandikia: "Dada, nimepata kazi mbili, moja Athens, nyingine Munich. Zote zinalipa kwa euro, si ni yale yale?"

Si yale yale, mdogo wangu. Nimeishi miji yote miwili.

Mwaka 2015 nilikuwa mhudumu wa mgahawa Athens. Mwishoni mwa Juni benki zilifungwa kwa wiki tatu, na mwenye kadi ya benki ya Ugiriki akaruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku. Watalii wenye kadi za Ujerumani hawakuwekewa kikomo hicho. Mashine moja, noti zile zile! Tajiri wangu alisingizia hali hiyo akaninyima mshahara wa msimu mzima. Hajanilipa hadi leo, na bado inaniuma.

Ugiriki ilipoingia kwenye euro mwaka 2001 iliiacha sarafu yake, drakma, ikapoteza pia uwezo wa kushusha thamani ya fedha yake ili bidhaa na utalii wake viwe nafuu. Riba ya msingi hupangwa na Benki Kuu ya Ulaya, Frankfurt, moja kwa nchi zote. Kwa miaka kadhaa Wagiriki walikopa kwa riba nafuu, iliyokaribia ya Wajerumani. Madeni yalipowaelemea mwaka 2010, wakabaki na kukata mishahara na pensheni na kupandisha kodi. Kufikia 2013, zaidi ya robo ya watu wanaotaka kazi hawakuwa nayo. Viongozi wetu wa Afrika Mashariki, waliosaini itifaki ya sarafu moja mwaka huohuo wa 2013, walisome somo hilo vizuri.

Hata hivyo siichukii euro. Nilihamia Munich na akiba yangu bila kumpa mbadilisha fedha hata senti. Leo nauza viungo vya Zanzibar Ujerumani, Austria na Italia. Bei naipanga mara moja, na malipo ya Milan yananifikia kama ya duka la mtaa wa pili. Mteja wangu wa Denmark anatumia krone, na kila ankara yake benki inakata chake. Biashara hii nimeijenga kwa jasho langu, na ninajivunia.

Kwa hiyo tazama ajira, madeni ya serikali na hali ya benki za huko uendako. Ugiriki ya leo imenyanyuka sana, sikukatazi kwenda. Ila fungua akaunti ya pili katika nchi nyingine ya euro, na usizidishe euro 100,000 kwenye benki moja, maana hicho ndicho kiwango kinacholindwa benki ikianguka. Cyprus, mwaka 2013, waliozidisha kwenye benki mbili kubwa walipoteza fedha nyingi. Na mkataba wako utaje tarehe ya mshahara kwa maandishi, kabla hujakata tiketi.