Maswali Yenu: Unapokwenda Kukagua Chuo cha Ualimu

Wiki hii wengi walioandika ni vijana wanaojiandaa kujiunga na vyuo vya ualimu. Nimekuwa mkufunzi miaka mingi, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Shikamoo mwalimu. Nataka kukagua chuo kabla sijalipa ada. Nianzie wapi? (Msomaji, Kahama)

Marahaba, mwanangu. Anzia shule ya mazoezi. Hiyo ndiyo shule yenye watoto wenyewe, jirani na chuo, ambako mwanachuo anavuka uwanja na andalio la somo mkononi, anafundisha, na mkufunzi amekaa dawati la nyuma. DUCE, yaani Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, pale Chang'ombe, ina sekondari yake ya mazoezi palepale.

Nilikuwa na mwanachuo mmoja hodari sana wa saikolojia ya elimu. Siku yake ya kwanza darasa la pili, mtoto akanyoosha kidole: "Mwalimu, mbona unaongea na ubao?" Alikuwa amewapa mgongo karibu dakika kumi. Wiki iliyofuata nilimkuta anatembea katikati ya madawati, chaki mkononi. Nilifurahi mno. Ukingoja mpaka BTP, yaani kipindi cha mazoezi ya kufundisha mashuleni, ndipo ukutane na watoto kwa mara ya kwanza, umechelewa.

Nitasomea ualimu wa sayansi. Maabara moja inatosha? (Msomaji, Singida)

Inategemea inatumikaje. Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Kisha waulize wanachuo wa mwaka wa pili mara ya mwisho kushika bureti, ule mrija wa kupimia vimiminika, ilikuwa lini. Asiyefanya jaribio kwa mikono yake atakwenda kuwachorea wanafunzi ubaoni, nao watakariri mchoro.

Natamani kufundisha watoto wasioona. (Msomaji, Moshi)

Hongera, na huna haja ya kwenda mbali: Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinajulikana kwa elimu maalumu. Ukifika, ulizia mashine za nukta nundu ni ngapi na wanachuo wangapi wanagawana moja. Vidole lazima vizoee vile vibonyezo sita, na mazoea hayo hayaji kwa kumwangalia mwenzako.

Ninunue kompyuta mpakato? (Msomaji, Tanga)

Ukimudu, nunua. Ila manila, kalamu za wino mzito na vizibo vya soda vya kuhesabia utavihitaji vilevile, kwa hiyo ingia chumba cha zana za kufundishia. Ukikuta kimefungwa kufuli mchana wa masomo, uliza ufunguo anao nani na wanachuo huupata saa ngapi.